Bango la daktari na siri ya mgonjwa



Mwaka jana nilikwenda Gehandu kumtembelea kaka yangu. Jina hilo la Gehandu lipo Mbulu na lipo Hanang pia. Naomba uniwie radhi nisiposema ni Gehandu ipi, kwani sababu yake utaiona huko mbele. Jioni moja baada ya swala ya Maghrib, binti wa kaka yangu, ambaye ni daktari kijana, alikuja na kompyuta yake mpakato, akaketi mkekani karibu nami.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umechoka?"

Akanieleza kuwa amekubaliwa kuwasilisha bango katika mkutano wa kisayansi wa madaktari. Bango lenyewe ni la Kiingereza, lakini ametia muhtasari wa Kiswahili, na fomu ya ridhaa ya mgonjwa nayo ameiandika kwa Kiswahili. Kwa kuwa nimefundisha lugha hii miaka mingi, alitaka nimsahihishie. Nilivaa miwani yangu nikaanza kusoma.

Palikuwa na picha ya mgonjwa, macho yamezibwa kwa utepe mweusi. Chini yake pameandikwa umri, kijiji, kazi, dini, na tarehe ya kulazwa. Sikumaliza mstari wa nne. Nilisema, "Mwanangu, huyu si fulani?" Nikalitaja jina.

Binti aliinamisha kichwa. Hakunijibu, na katika kutonijibu huko nilipata jibu. Tulikuwa tumefanya makosa mawili kwa wakati mmoja: yeye kunionyesha mimi, nisiyehusika na matibabu yale, na mimi kulitamka jina kwa ulimi wangu. Nikafunga kompyuta ile kwa mkono wangu mwenyewe.

Ndugu msomaji, safu ya leo inahusu bango lile. Ugonjwa wenyewe sitautaja. Wala sitasema kama mgonjwa ni mwanamume au mwanamke, na Kiswahili chetu kinanisaidia katika hilo, kwani "yeye" wetu ni mmoja kwa wote. Haya machache ninayoyaeleza, mwenyewe ameniruhusu niyaeleze.

Kwanza tuelewe bango hilo ni kitu gani. Daktari anapokutana na mgonjwa ambaye hali yake si ya kawaida, huandika kisa chake: alikuja na malalamiko gani, alipimwa nini, alidhaniwa ana nini, akatibiwa vipi, na mwisho wake ukawaje. Kisa hicho hupangwa juu ya karatasi moja kubwa, mara nyingi yenye sentimita 84 kwa 119, kikatundikwa ukumbini. Mwandishi wake husimama pembeni, na madaktari wenzake hupita, husoma na kuuliza. Kwa daktari kijana, aghalabu huo ndio mlango wa kwanza wa kuingia katika elimu ya utafiti.

Wapo watakaouliza, kuna haja gani ya kuanika habari za mtu mmoja? Haja ipo. Mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba taya pande zote. Hakuujua ugonjwa ule. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Mtoto wa pili ndiye aliyemfanya arudi kupekua majalada. Mwaka 1958 alichapisha habari za saratani hiyo ya taya za watoto, na mwaka 1961 akafunga safari ya gari ya takriban kilomita 16,000 pamoja na wenzake wawili, wakipita hospitali hadi hospitali za Afrika ya Mashariki na Kusini wakiuliza nani ameiona. Mwaka huo huo alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein. Mwaka 1964 Epstein na wenzake walitangaza kirusi walichokiona katika chembe za uvimbe huo, nacho ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuwa kinahusiana na saratani ya binadamu. Yote hayo yalianza kwa mtoto mmoja ambaye daktari hakuridhika kumpita.

Mfano mwingine unatuhusu sisi Waislamu kwa karibu zaidi, nao sio ugonjwa wa mgonjwa wetu wa Gehandu. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walichapisha visa vya watu 4 wa New York waliopatwa na kifafa. Walipopigwa picha za ubongo, walikutwa na vifuko vya mabuu ya tegu wa nguruwe. Watu hao walikuwa Mayahudi washika dini ambao nyama ya nguruwe hawaigusi. Uchunguzi ulielekea kwa watumishi wa ndani waliotoka nchi zenye maradhi hayo. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake. Na yeyote atakayeyameza mayai hayo kwa chakula, maji au mikono michafu, vifuko vinaweza kuota katika ubongo wake, hata kama hajala nguruwe maishani mwake.

Kwetu Mbulu jambo hili si la mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa takriban nguruwe 17 katika kila 100 waliokaguliwa ndimi zao wilayani humo walikuwa na mabuu hayo, na watafiti walioshirikiana na hospitali ya Haydom wameandika mengi juu ya uhusiano wake na kifafa. Basi Mwislamu wa huku akianguka kifafa, akaambiwa chanzo ni tegu wa nguruwe, jirani asikimbilie kusema amekula haramu. Visa vile vinne vya New York vinamtetea. Choo bora, maji safi na kunawa mikono ndiyo kinga, na watumwao kuwasema wenzao wajifunze kwanza.

Hiyo ndiyo faida ya kisa kimoja kilichoandikwa vizuri. Lakini faida ya umma haimpi daktari haki ya kumvua mtu sitara yake.

Usiku ule binti wa kaka hakulala mapema. Alijitetea kidogo: "Shangazi, jina sikuliandika. Macho nimeyaziba." Nikamwambia, "Mwanangu, Dar es Salaam hakuna atakayemjua. Lakini hapa petu watu wanajuana kwa mwendo na kwa kikohozi. Watu wa dini yetu ni wachache, wenye kazi ile ni wachache zaidi, na mwenye umri ule katika kijiji kile ni mmoja."

Hata wakubwa wa fani yake wanalisema hilo. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba inaeleza kuwa kuziba macho katika picha hakutoshi kumficha mtu. Inaelekeza kuwa maelezo yasiyo ya lazima kwa kisa yaachwe, na kuwa mabadiliko yoyote yanayofanywa ili kumficha mgonjwa yasipotoshe maana ya kisayansi. Hapa Tanzania nako tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Na kabla ya sheria hizo, sisi tumeamrishwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, kuhusu amana na wenyewe. Neno alilolisema mgonjwa mbele ya tabibu ni mali ya mgonjwa. Tabibu amewekeshwa tu.

Asubuhi alikwenda peke yake kwa mgonjwa, akamweleza bila kuficha: "Shangazi yangu amekutambua katika karatasi yangu. Nimekosea." Nilidhani atafukuzwa. Badala yake alirudi na ujumbe kwamba mgonjwa anataka niende nami, kwa kuwa nimekwisha kujua, na kwa kuwa fomu ile hakuielewa alipoitia dole gumba mara ya kwanza.

Tulikwenda. Tulipokwisha kuamkiana, mgonjwa aliuliza swali ambalo kila mwenye kuandika fomu za ridhaa angepaswa kulisikia.

"Daktari, nikisema hapana, dawa zangu nitaendelea kuzipata?"

"Utazipata. Hakuna kitakachopungua."

"Basi sema. Bado sijasema hapana."

Tazama, ndugu msomaji: hapo awali dole gumba lilikuwa limewekwa na mtu anayeogopa kukosa dawa. Hiyo haikuwa ridhaa. Ridhaa ni ya mtu anayejua kuwa anaweza kukataa na akaamka kesho akitibiwa vilevile.

Akauliza tena karatasi ile itaonwa na nani, na baada ya mkutano itakwenda wapi. Binti alijibu ukweli: wataiona madaktari wengi, baadhi watapiga picha kwa simu zao, na picha ikishaingia simuni haina mlinzi. Mgonjwa akanyamaza kitambo. Kisha akasema: "Uso wangu uutoe. Mengine nisomeeni kwa lugha ninayoielewa."

Nikamsomea taratibu, sentensi baada ya sentensi, kwa Kiswahili chepesi, na palipokuwa pagumu mtu wa nyumbani mwake akaeleza kwa lugha yao. Tulipofika kwenye sentensi iliyosema kwamba mgonjwa alichelewa kufika hospitali kwa sababu ya kutumia dawa za kienyeji, alininyanyulia mkono.

"Hapo simameni. Mimi sikuchelewa. Nilikwenda zahanati mara tatu. Mara zote nilipewa vidonge vya maumivu, nikaambiwa nirudi nyumbani. Mitishamba nilianza baada ya hapo."

Akaagiza daftari lake liletwe. Ni daftari la shule, kama yale tunayoandikiwa sote tuendapo zahanati, lenye jalada lililokunjika. Ndani yake mlikuwa na tarehe tatu, mwandiko wa wahudumu wawili, na dawa alizopewa. Binti wa kaka alilisoma akiwa amesimama. Kisha akaketi chini.

Alipokuwa akiandika historia ya mgonjwa huyu wodini, alimwuliza kama ametumia dawa za kienyeji. Alijibiwa ndiyo, akaandika. Hakumwuliza kabla ya hapo alikwenda wapi. Na funzo zima la bango lake lilijengwa juu ya jibu hilo moja: kwamba jamii zetu huchelewa kwa sababu ya waganga. Kama lingetundikwa vile, mamia ya madaktari wangesoma lawama juu ya mtu asiyestahili, na kosa lenyewe lingebaki salama mahali pake.

Njiani tukirudi nilimkumbusha habari za Abu Bakr ar-Razi, tabibu mkuu wa Kiislamu aliyesimamia hospitali za Rayy na Baghdad na kufariki mwanzoni mwa karne ya 10. Ar-Razi aliandika visa vya wagonjwa wake vingi, na kisa chake mashuhuri zaidi ni cha mtu mwenye homa za kuja na kuondoka, ambaye mwishowe alitokwa na usaha katika mkojo, ikabainika kuwa ana kidonda cha figo. Kinachokifanya kisa hicho kiwe cha thamani ni kuwa Ar-Razi hakujificha. Aliandika kilichomzuia kuutambua ugonjwa tangu mwanzo: mgonjwa hakumlalamikia uzito wa kiuno, na yeye tabibu akaghafilika kumwuliza. Zaidi ya miaka elfu imepita, na wanafunzi wa tiba bado wananufaika na ungamo lile.

Binti akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Lakini shangazi, jina la mgonjwa wa Ar-Razi mbona tunalijua?" Ni kweli, limeandikwa kitabuni hadi leo. Desturi ya zama zile ilikuwa hiyo. Sisi tuchukue kwa Ar-Razi ukweli wake, na jina la mgonjwa tulisitiri.

Kazi ya kulitengeneza upya bango ilichukua siku nne. Naieleza kwa sababu najua miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu wamo wanafunzi wa udaktari na uuguzi, na wamo wazazi wanaowasomesha.

Picha ya uso iliondolewa, ikabaki picha ya kipimo, nayo ikakatwa pembeni palipokuwa na jina na namba ya jalada. Kijiji kikawa "kaskazini mwa Tanzania". Umri kamili ukawa muongo wa umri. Dini na kazi zikafutwa, kwa kuwa hazikuhusiana na ugonjwa. Tarehe za kalenda zikageuzwa kuwa hesabu ya siku: siku ya kwanza ya maumivu, siku ya kwanza zahanatini, siku ya kulazwa. Hata jina la faili kompyutani lilibadilishwa, kwani binti alikuwa amelihifadhi kwa jina la mgonjwa bila kufikiri. Angelituma kwa mchapaji vile, yote tuliyoyafuta ndani yangesomwa nje.

Kisha likaja suala la wingi wa maneno. Bango la kwanza lilikuwa limejaa kama gazeti. Anayepita ukumbini husimama dakika chache tu. Asipoona jambo kuu akiwa hatua mbili mbali, huendelea na safari. Basi maneno yakapunguzwa zaidi ya nusu, herufi zikakuzwa, na safu zikapangwa tatu: ya kwanza kisa, ya kati mtiririko wa siku pamoja na picha ya kipimo, ya tatu mjadala na funzo. Upo mwongozo wa kimataifa wa kuandika visa uliotolewa mwaka 2013, uitwao CARE, wenye vipengele 13. Nilifurahi kuona kuwa viwili vya mwisho ni mtazamo wa mgonjwa mwenyewe na ridhaa yake. Katika bango la kwanza kipengele cha mtazamo wa mgonjwa hakikuwapo kabisa. Katika la pili kilikuwa na sentensi mbili, nazo ni zile alizozisema mwenyewe kuhusu safari zake za zahanati.

Jambo zito lilibaki moja: kumweleza msimamizi wake kwamba funzo la bango limegeuka, na sasa linawahusu watoa huduma. Binti aliogopa. Alihofu kuonekana anawachafua wenzake. Kaka yangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alimwambia: "Uliandika usilolijua. Sasa unalijua. Ukiliacha lile la kwanza, utakuwa umeandika uongo." Akaenda. Msimamizi alilisoma daftari, akamwambia arekebishe, ila jina la zahanati lisitajwe, kwa kuwa shabaha ni kufundisha wengi dalili waliyoipita watu wawili, siyo kumfedhehesha mhudumu anayewaona wagonjwa kutwa nzima akiwa peke yake. Nami naliona hilo kuwa ni haki. Sitara ni ya mgonjwa, na mwenzako aliyekosea naye ana sehemu yake.

Bango lilipokwisha, hatukumwonyesha jirani yeyote kulijaribu. Tulimrudia mwenyewe. Tukamsomea, akasikiliza hadi mwisho, akaniuliza: "Mtu wa hapa akilisoma, atanijua?" Nikamjibu kwa dhati kuwa mimi nisingelimjua. Akatia dole gumba lake upya. Bango likaenda mkutanoni, na binti ananiambia kuwa waliosimama mbele yake waliuliza zaidi kuhusu zile mara tatu za zahanati kuliko kuhusu ugonjwa wenyewe.

Ndugu msomaji, huenda siku moja daktari akakuomba wewe, mzazi wako au mwanao ruhusa ya kuandika kisa chenu. Usikatae kwa hofu tu, kwani huenda kisa chako kikamwokoa mtu usiyemjua. Wala usikubali kwa woga. Uliza mambo haya. Nikikataa, matibabu yangu yataendelea? Ni kipi hasa kitakachoandikwa, na je, nitasomewa kabla hakijachapwa? Je, uso wangu au alama yoyote ya mwili wangu itaonekana? Nani watakiona, na kitahifadhiwa wapi? Na nikibadili nia, mwisho wa kujiondoa ni lini? Jua kuwa kikishachapwa hakirudi. Fomu ikiwa kwa lugha usiyoielewa, usiitie sahihi mpaka upate wa kukufasiria unayemwamini. Na kama mgonjwa ni mtoto, mzazi akumbuke kuwa mtoto huyo atakua, naye atakuwa na haki ya kuuliza nani aliyeutoa uso wake.

Na nyinyi madaktari wetu vijana, mnaponunua karatasi za kuchapia mabango, kumbukeni kuwa juu yake mtaweka kitu cha watu. Wasomeeni wenyewe kabla ya kuwasomea wenzenu. Huenda wakawanyanyulia mkono wakawaambia simameni hapo.

Daftari zenu za zahanati, enyi wazazi, msiziwashie jiko. Zihifadhini.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na awape matabibu wetu elimu na uaminifu. Wabillahi tawfiiq.